Mashine ya Drafti Kwenye Baraza la Baba

Kwa miaka minane nilitazama wanaume wakicheza drafti hatua mbili kutoka mezani kwangu, na kwa miaka minane hakuna aliyeniuliza kama najua kucheza. Nilikuwa najua. Nilikuwa najua kuliko wengi wao, na kulijua jambo hilo huku nimefunga mdomo kulinitia hasira ambayo hata leo, nikiwa bibi mwenye wajukuu, sioni sababu ya kuiombea radhi.

Baba alikuwa fundi cherehani mjini Tabora. Kila asubuhi tulitembea pamoja kutoka nyumbani kwetu Ipuli, yeye mbele na mkasi wake umeviringishwa kwenye gazeti, mimi nyuma na pasi ya mkaa. Ilikuwa ile miaka ya mwisho mwisho ya Ujamaa, miaka ya foleni na vibali, ambapo kitambaa kipya kilisikika zaidi kuliko kilivyoonekana. Kwa hiyo hatukushona sana, tuligeuza. Kola ya shati ikichakaa, baba anaifumua, anageuza upande wa ndani uwe nje, anaishona upya, na mwenye shati anaondoka amenyoosha shingo. Kufumua ilikuwa kazi yangu. Kupiga pindo, matundu ya vifungo na vifungo vyenyewe vilikuwa vyangu pia. Meza yangu ilikuwa ndani ya mlango, na nje ya mlango, barazani, ndiko drafti ilikokuwa.

Ubao wake ulikuwa kipande cha mbao kilichochorwa vyumba kwa mkaa, na kete zake vizibo vya soda, kumi na viwili vimelala chali na kumi na viwili kifudifudi. Vizibo hivyo vilihifadhiwa kama dhahabu, maana soda yenyewe ilikuwa ya kusimuliwa. Pembeni kulikuwa na vigoda viwili. Anayefungwa anainuka, anayefuata anakaa, na anayefunga habanduki mpaka apatikane wa kumfunga. Hiyo ndiyo sheria, na ilimhusu kila mtu, tajiri na maskini, Mwarabu wa dukani na mkulima aliyekuja kuuza asali. Ilimhusu kila mwanamume, nilitaka kusema.

Bingwa wa baraza letu alikuwa gadi mstaafu wa treni. Alikuwa amezeeka kwenye njia ya Kigoma na ile ya Mwanza, na aliketi kwenye kigoda kama anavyoketi mtu aliyelipiwa daraja la kwanza. Alicheza vizuri, simnyimi haki yake. Lakini nusu ya uchezaji wake ilikuwa mdomo. Kwetu drafti haichezwi kimya. Kila kete inasindikizwa na tambo: unampigia mwenzako kizibo kwa kishindo, unamcheka, unamwambia yatakayompata, mpaka anachanganyikiwa na kuacha mlango wazi. Asiyejua kutamba alihesabiwa hajui kucheza.

"Babu yangu alibeba pembe za ndovu kwa miguu mpaka pwani," gadi alikuwa akimwambia mtu, "akarudi na vitambaa begani. Wewe unashindwa kuvuka vyumba nane?"

Mtu anacheka, anainua kete bila kufikiri, na gadi anakula mbili.

Nilikuwa nimeyasikia maneno yote hayo mpaka nikayachoka. Nilijua hili la babu huja pale kushoto kwake kunapovuja, na lile la treni ya Kigoma kukosa breki huja anapoandaa mtego. Hakuna aliyeyajua hayo isipokuwa mimi, kwa kuwa wengine walikuwa wanacheka.

Mafunzo yangu niliyapata adhuhuri. Adhana ikilia, baba na gadi na wengine walikwenda msikitini. Fundi bati wa jirani, ambaye alikuwa Mkristo Mmoraviani, alikwenda kwake kula. Walikuwa wanaacha mchezo katikati, vizibo vikiwa palepale, na mimi nikiachiwa duka. Wakishapinda kona tu, natoka, nachuchumaa kando ya ubao, naumalizia mchezo wao. Nacheza upande huu, kisha ule. Halafu narudisha kila kizibo pale kilipokuwa, na wakirudi wananikuta nashona. Sikuwahi kukosea hata kimoja. Wakati mwingine niliwasikia wakiumiza kichwa saa nzima juu ya jambo ambalo mimi nilikuwa nimelimaliza wakati wao wakitawadha.

Mara moja tu nilimwambia baba nataka kucheza. Hakukasirika. Aliendelea kukanyaga cherehani na kusema, "Mwanangu, kile kigoda ni cha wanaume. Watu wataniuliza mimi." Nilikwenda nyuma ya duka nikalia kwa hasira, nikarudi nikashona vifungo sita kwa namna ambayo hakuna mtoto angeweza kuving'oa.

Basi akatokea mteja mmoja, mzungu aliyekuwa mtaalamu wa tumbaku kule Urambo. Jumamosi alikuwa akija mjini kuchukua barua na vipuri, na alikuwa anakonda kwa jua letu, kwa hiyo kila mara alikuwa na suruali ya kupunguzwa kiuno. Kiswahili alikijua, kakipatia mashambani, na alisalimia watu "mwangaluka" kama Mnyamwezi. Alikuwa akisubiri suruali yake huku akitazama drafti. Jumamosi moja alikuja na kitu ndani ya mfuko wa turubai, akakiweka juu ya meza yangu kwa sababu ndiyo iliyokuwa wazi.

Kilikuwa ubao mweusi wa plastiki, ukubwa wa sinia, wenye vyumba vya drafti na kete zake ndogo nyekundu na nyeupe. Alisema ndani yake mna kompyuta, na kwamba inacheza drafti peke yake. Neno kompyuta tulikuwa tumelisikia redioni tu. Kisha akafungua tumbo la ile mashine na kutia betri sita mpya, na hapo fundi bati akasahau kompyuta, akabaki anazitazama betri. Sisi betri tulizianika juani juu ya bati ili zipate roho ya kusikilizia taarifa ya habari, na huyu anazo sita za kuchezea.

Namna yake ilikuwa hivi. Unabonyeza kete yako pale ilipo, halafu pale inapokwenda. Mashine inakaa kimya kidogo, kisha vitaa vyekundu vinawaka kukuonyesha inataka kusogeza kete ipi na wapi, na wewe ndiye unayeisogezea.

"Yaani nicheze zangu na zake nimchezee?" gadi aliuliza. "Huyu ni adui au mgonjwa?"

Baraza zima lilicheka. Gadi akaingia ndani, akasimama mbele ya meza yangu, na mimi nikasogezwa pembeni na kapu langu la vifungo. Alianza kwa kuuliza kabila la ile mashine, ajue kama ni mtani wake. Akaitambia babu yake na pembe za ndovu. Akaitambia breki za treni. Mashine ikawasha vitaa vyake, ikala kete moja.

Sasa katika drafti yetu, kingi ni mfalme kweli. Kete ikifika mstari wa mwisho na kuwa kingi, inaruka kutoka kona mpaka kona, inakula inakotaka na kutua inakotaka. Kwa ajili ya kingi mtu wa Tabora yuko tayari kuuza kete tatu bila kupepesa macho. Gadi akaziuza tatu. Akapata kingi, akatutazama sisi sote, akaibonyeza na kuipeleka upande wa pili wa ubao kwa kishindo.

Mashine ikalia piip.

Akarudia. Ikalia piip. Mtaalamu akaeleza kwamba kwa sheria yao kingi inakwenda chumba kimoja kimoja, ila inaruhusiwa kurudi nyuma.

"Mfalme gani huyo anayetembea na mkongojo?" gadi akapiga kelele. Lakini kete tatu zilikuwa zimekwisha kuliwa, na hazikupita dakika kumi akafungwa.

Siku ile walifungwa wote. Jumamosi iliyofuata wakafungwa tena. Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo lilinishangaza kuliko mashine yenyewe. Walikuwa wameelezwa sheria, na waliielewa. Fundi bati aliweza kuikariri. Lakini yaliyoelewa ni masikio, mikono haikuelewa. Kila mmoja akifika katikati ya mchezo, mkono wake unauza kete tatu kununua kingi, kisha anabaki na mfalme wa mkongojo katikati ya maadui. Na kila walivyofungwa ndivyo walivyozidi kutamba. Waliisogelea wakaipigia kelele pale kwenye vitaa. Mtu akiwa hachanganyikiwi na maneno yao, hawakuwa na lingine la kumfanya.

Mimi nilikuwa pembeni nashona, nahesabu. Michezo kumi na moja niliitazama tangu mwanzo hadi mwisho. Niliona kwamba mashine haiachi kukimbilia kingi, hata ikibidi kuacha nyumba yake wazi. Niliona kwamba inajua hatua tatu au nne zijazo vizuri sana, na ya sita haijui kabisa. Na niliona jambo moja ambalo kwetu hakuna mtu angeliwaza: kingi isiyoruka inaweza kufungiwa. Kingi yetu huwezi kuifungia, itakuruka. Hii ya kwao, ukiisukumia konani na kusimamisha kete mbili zilizoshikana mlangoni, haina pa kwenda. Nilirudi Ipuli siku hiyo nikiwa na moto kifuani. Juma zima nilicheza na ile mashine kichwani, huku nikiwageuzia watu kola.

Jumamosi ya tatu mtaalamu alikuja kuaga. Mkataba wake ulikuwa umekwisha. Aliiweka mashine juu ya meza yangu mara ya mwisho, gadi akafungwa, fundi bati akafungwa, Mwarabu wa dukani akafungwa akiwa hajamaliza hata kahawa yake. Gadi akatangaza kwamba kile kitu kina jini na mtu mwenye dini yake hapaswi kukigusa tena. Mtaalamu akacheka, akatazama huku na huku.

"Hakuna mwingine?"

"Mimi," nilisema.

Cherehani ikanyamaza. Baba alinitazama juu ya miwani yake. "Wewe malizia vifungo."

"Nimemaliza, baba. Na mashine iko juu ya meza yangu. Sikalii kigoda cha mtu, nitacheza nimesimama hapa hapa ninaposimama kila siku."

Nilijua kwamba akisema hapana, sitathubutu kuuliza tena maishani. Baba akatazama barazani, akanitazama mimi, akatazama suruali iliyokuwa mkononi mwake. Kisha akaanza kukanyaga cherehani tena. Hakusema ndiyo. Lakini mimi nilikuwa nimeishi naye miaka kumi na tisa, nilijua ukimya wake upi ni upi. Nikabonyeza kete ya kwanza.

Sikuuza kitu. Mstari wangu wa nyuma sikuugusa kabisa, na nyuma yangu nikawasikia wakinong'ona kwamba msichana anaogopa. Tulikwenda polepole, tukalana kete moja kwa moja, mpaka tukabaki saba kwa saba. Hapo nikaondoa kete moja ya mstari wa nyuma, nikaiachia mashine njia moja upande wa kushoto, nyembamba, kama mtu aliyesahau kufunga geti la kuku.

Ikaikimbilia. Vitaa vikawaka haraka kuliko kawaida, au ndivyo nilivyoona mimi. Ikapata kingi.

"Kwisha habari yake," gadi akasema.

Kingi ikazunguka nyuma ya kete zangu ikitafuta cha kula. Nilikuwa nimezishikanisha mbili mbili, haikupata. Nikaisukuma chumba kimoja. Nikaisukuma cha pili. Ikaingia konani, na nikasimamisha kete mbili mlangoni. Kwa mara ya kwanza katika Jumamosi tatu mashine ilikaa kimya muda mrefu, mpaka mtaalamu akainama kuona kama betri zimekufa. Hazikuwa zimekufa. Ilikuwa inafikiri. Na mimi nilikuwa nimekwisha kufikiri tangu Jumanne.

Yaliyobaki yalikuwa kazi ya kawaida tu. Ilikuwa imetelekeza nyumba yake kwa tamaa ya kingi, nami nikaingia na kula moja baada ya nyingine. Ilipobaki ile kingi peke yake konani, haina hatua, vitaa vyote viliwaka na kuzima, ikatoa sauti kama ya kinanda, ikanyamaza.

Mtaalamu akapiga makofi. Fundi bati akashika kichwa kwa mikono miwili. Nilifurahi jamani, acheni tu. Nilitaka kupiga vigelegele, nikaona haya kujipigia mwenyewe.

Gadi alikuwa ametoka nje. Alikaa kwenye kigoda chake akipanga vizibo.

"Amefunga redio," aliwaambia watu, kwa sauti ya kunifikia. "Redio haina macho. Akae hapa kwenye drafti ya watu, tuone kama hatalia."

Alikuwa ametamka kwa hasira. Sidhani kama alidhani nitatoka. Nilitoka. Nilipita mbele ya baba bila kumtazama, kwa kuwa ningemtazama ningerudi, nikakaa kwenye kigoda cha pili na kukunja khanga magotini.

"Shikamoo, mzee," nilisema.

"Marahaba." Baada ya hapo hakusema neno jingine.

Hilo sikulitarajia. Nilikuwa nimejiandaa kwa babu yake, kwa pembe za ndovu, kwa breki za treni. Hakuna kilichokuja. Alikuwa anasogeza kete huku ametazama barabarani, kimya, na ilinichukua hatua kadhaa kuelewa kwamba ananidharau. Tambo hupigiwa mwenzako. Mimi sikuwa mwenzake, kwa hiyo hakunipa tambo, na kwa kunibania akajinyima nusu ya silaha zake mwenyewe. Bila mdomo wake, gadi alikuwa mzee anayecheza drafti kiasi. Kushoto kwake kulivuja kama kawaida, na safari hii hapakuwa na kicheko cha kupafunika.

Hapa mfalme anaruka. Hapa kingi inanunuliwa. Nikamlisha kete moja, nikamlisha ya pili. Watu wakaanza kunionea huruma. Nikamlisha ya tatu, nikaingia kingi, na zamu yangu ilipofika nikairusha kutoka kona hadi kona, nikala nne zote zilizombakia, nikakipiga kizibo ubaoni kwa kishindo ambacho nilikuwa nakitamani tangu nikiwa na miaka kumi na moja.

Gadi alitazama ubao. Akaanza kuvikusanya vizibo na kuvipanga upya upande wake, taratibu, kana kwamba hakuna kilichotokea.

"Huu hauhesabiki," alisema. "Mtu hafungwi na msichana. Anayefuata aje."

Akabaki amekaa. Hakuna aliyesogea. Wote waligeuka wakamtazama baba, na mimi nikamtazama pia, kwa mara ya kwanza tangu nitoke. Nilijua ninachokitaka, na nilijua siwezi kukiomba.

Baba alikata uzi kwa meno. Akaikunja suruali ya mtaalamu, akaiweka juu ya cherehani.

"Umefungwa, bwana," alimwambia gadi. "Inuka, mpishe mwenzako."

Gadi alikaa kidogo. Kisha akainuka, akajifuta kanzu, akasogea kando. Fundi bati akaketi mahali pake, akapanga vizibo, akanikazia macho na kukohoa.

"Binti," alisema, "umefunga redio, umefunga reli. Mimi ni bati. Mimi sikunjwi na wewe. Leo utarudi Ipuli unauliza njia!"

Watu wakacheka, na mimi nikaona machozi yananilengalenga, maana alikuwa ananitambia. Nikasogeza kete ya kwanza.

"Fundi," nikamjibu, "kigoda hicho usikizoee."

Baba ndiye aliyeanza kucheka.